Ndege Aliyenijia kwa Miguu: Siku Nane za Safari ya Aldabra

Siku ya 1. Victoria, Mahé

Tumeng'oa nanga jua likikaribia kuzama. Abiria ni kumi na wawili, mabaharia sita, na mimi nimeajiriwa kuendesha boti ya mpira ya kupeleka watu pwani. Kazi yenyewe si kubwa, lakini ningeifanya hata kwa nusu ya malipo. Meli inakwenda Aldabra, visiwa vya mbali vya Shelisheli hii hii.

Mimi ni mtu wa Unguja. Kwa miaka kumi na mmoja nimepeleka wageni Changuu, kisiwa kilicho mbele ya Mji Mkongwe, kuwaonyesha kobe wakubwa. Asili ya kobe wale si Unguja. Mwaka 1919 gavana Mwingereza wa Shelisheli alipeleka zawadi ya kobe wanne kutoka Aldabra, wakazaana. Kisha wezi wakaanza kuwachukua na kuwauza ng'ambo, hata kufikia mwaka 1996 walibaki saba tu. Ikabidi wajengewe ua na waletwe wengine. Habari hiyo nimeisimulia mara nyingi mno, mpaka mdomo unaisema peke yake.

Mwaka jana alikuja mtoto wa darasa la nne na wenzake. Kobe mmoja alinyoosha shingo akakunwa na watoto wanane kwa zamu. Yule mtoto akaniuliza, "Mjomba, huko kwao walikotoka, nako wanamfuata mtu? Au hapa wanatufuata kwa sababu ya mchicha?"

Sikuwa na jibu. Nimekuja kulitafuta.

Siku ya 2 na ya 3. Baharini

Kutoka Mahé hadi Aldabra ni zaidi ya kilomita 1,000 kuelekea kusini-magharibi. Ni mwishoni mwa Novemba, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, kwa hiyo bahari ni ya mawimbi marefu yasiyo na hasira. Nimetazama ramani ya nahodha kwa muda mrefu. Aldabra iko karibu nyuzi tisa na nusu kusini mwa ikweta, kati ya Kilwa na Lindi. Ukisimama ufukweni Kilwa Masoko ukatazama jua linapochomoza, iko huko mbele, zaidi ya kilomita 700, na kati yako na yeye ni maji matupu. Bukini, yaani Madagaska, iko karibu zaidi, kama kilomita 420.

Usiku wa pili nilikaa zamu na mmoja wa abiria, mama mwalimu wa biolojia kutoka Nairobi aliyestaafu. Nilimweleza swali la mtoto. Akasema hofu ni gharama. Mnyama anayekimbia anaacha chakula, anaacha yai kwenye jua, anatumia nguvu ambazo angezitumia kuzaa. Pale penye chui au fisi gharama hiyo inalipa, kwani asiyekimbia haachi kizazi. Lakini ndege akipeperushwa na upepo mpaka kisiwa kisicho na mnyama hata mmoja wa kumwinda, kila mruko wa bure ni hasara, na vizazi vikipita hofu inachakaa kama panga lisilonolewa. Akanitajia utafiti wa mwaka 2014 uliolinganisha aina 66 za mijusi duniani: kadiri kisiwa kilivyo mbali na bara, ndivyo mjusi anavyomwacha mtu amkaribie zaidi kabla hajakimbia.

Nikamuuliza ni kwa nini basi wameisha wengi. Akanijibu kwa mfano wa Morisi, humu humu kwenye bahari yetu. Waholanzi walitua mwaka 1598 wakamkuta dodo, ndege mzito asiyeruka wala asiyeogopa. Mara ya mwisho kuonekana ambayo wataalamu wengi wanaikubali ni mwaka 1662. Miaka 64. "Hofu inachukua maelfu ya miaka kuisha," alisema, "na hairudi kwa miaka sitini."

Siku ya 4. Assumption kwa mbali, kisha Picard

Kabla ya mapambazuko tulipita karibu na Assumption, kisiwa chenye ufukwe mrefu wa mchanga kilicho kusini-mashariki ya Aldabra, safari ya saa chache tu. Hatukushuka. Nahodha, Mshelisheli wa makamo, alinionyesha vilima vyake viwili vitatu vya mchanga akanyamaza, kisha akaanza kueleza. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walikuja kuchimba mbolea ya mavi ya ndege. Walikata miti, wakakwangua ardhi mpaka mwamba. Kisiwa hicho kilikuwa na ndege wake wa ardhini asiyeruka, jamaa wa karibu wa yule ndege asiyeruka wa Aldabra ninayekwenda kumwona. Akaisha. Ndege wakubwa weupe wa baharini waliokuwa wakitaga juu ya miti yake nao wakaisha hapo.

Nilikitazama mpaka kikazama nyuma yetu. Visiwa viwili jirani, mvua moja na upepo mmoja, vyenye ndege wa ukoo mmoja. Kilichotofautiana ni mbolea, na mahali pa kukanyaga. Assumption ina ufukwe wa mchanga, mtu anashuka na toroli lake. Aldabra ni mwamba wa matumbawe uliochongwa na chumvi ukawa kama wembe, hauna mto wala kisima cha kutegemea, na viatu vyepesi huchanika kwa siku moja. Walioijia kutafuta utajiri wengi wao walikata tamaa.

Kabla hatujaruhusiwa kushuka, kila mtu alisimama sitahani na brashi. Tulisugua nyayo za viatu, tukageuza mifuko ya suruali nje ndani, tukachomoa mbegu za majani kwenye soksi kwa kibanio. Mabegi yalifunguliwa moja moja kutafuta sisimizi, mijusi, mende. Mzee mmoja abiria alinung'unika kwamba tunapoteza mawio mazuri. Mimi niliifanya kazi ile kwa moyo wote. Mbuzi walioachwa hapa karne ya 19 walikula kisiwa mpaka mwaka 2012 ndipo wa mwisho alipoondolewa. Panya bado wapo. Paka bado wapo kwenye kisiwa kikubwa.

Tulitia nanga adhuhuri mbele ya Picard, kisiwa cha magharibi, penye kituo cha utafiti. Aldabra ni pete ya visiwa vinne vikubwa, Picard, Polymnie, Malabar na Grande Terre, vilivyozunguka wangwa mpana. Ufukweni pana minazi, kanisa dogo la zamani, makaburi, na nyumba za watafiti. Hakuna hoteli, hakuna uwanja wa ndege. Sisi tutalala melini.

Kobe wa kwanza nilimkuta amelala katikati ya njia. Nilipomfikia ghafla akavuta kichwa ndani na pumzi ikatoka kwa sauti ya "hsss", sawasawa kabisa na wale wa Changuu. Nikachuchumaa. Baada ya kama dakika mbili kichwa kikarudi nje, akanitazama kwa jicho moja lenye maji, akaendelea kukata nyasi fupi zilizo karibu na goti langu. Hakunifuata. Hakuniondokea pia.

Siku ya 5. Picard

Leo ndiyo siku niliyoijia.

Dada mmoja wa kituo, Mshelisheli kijana mwenye kofia ya ukili, alitupeleka kwenye vichaka nyuma ya nyumba. Akatuomba tukae chini, tusiongee, tusimguse ndege yeyote wala kumpa hata punje ya biskuti. Kisha akaokota vijiwe viwili akavigonga: tik, tik, tik.

Kichaka kikatikisika. Akatoka ndege wa ukubwa wa kifaranga aliyekua, mgongo wa rangi ya majani makavu, kichwa na kifua vyekundu kama udongo wa Pemba baada ya mvua, koo jeupe safi, miguu mirefu. Alikuja mbio, shingo mbele, kama mtu aliyeitwa jina lake. Nyuma yake akatoka wa pili. Walisimama hatua moja kutoka kwetu wakageuza vichwa, jicho hili, kisha jicho lile.

Wenyeji wa Shelisheli humwita tyomityo. Ni ndege wa mwisho asiyeruka katika visiwa vya joto vya Bahari ya Hindi. Wenzake wa Morisi, wa Rodrigues, wa Réunion, wote wamekwisha. Mbawa anazo, fupi, na anazitumia kujisawazisha anaporuka jiwe.

Dume (dada yule alisema ni dume) akaja kwenye kiatu changu cha kushoto. Akadonoa ncha ya kamba. Akaivuta, ikamrudi, akashtuka kidogo kwa ile kamba, siyo kwa mimi. Akaivuta tena. Nilikuwa nimeshika pumzi mpaka masikio yakavuma. Kisha akapanda juu ya kiatu. Uzito wake niliusikia kupitia turubai, mwepesi kuliko chungwa, na kucha zikijishikilia. Alisimama pale akatazama huku na huku kana kwamba mimi ni jiwe zuri la kuonea mbali.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ambayo sikuwa na maneno yake. Kobe wa Changuu wamefugwa: wanajua mkono una mchicha. Kima punju wa Jozani wamezoeshwa: wameona wageni kila siku tangu wakiwa migongoni mwa mama zao, wakajifunza kwamba hatuna madhara. Wote wawili wana hesabu nasi. Huyu hana hesabu yoyote. Hakuja kwa kuniamini, maana kuamini ni kwa anayejua kwamba angeweza kudhurika. Alikuja kwa sababu kamba ya kiatu ilitikisika.

Nililia kidogo. Mama mwalimu aliona, akaweka mkono begani mwangu, hakusema kitu.

Jioni dada wa kituo alitusimulia habari ya ukoo huu. Mababu zao waliruka kutoka Bukini. Walipofika hapa hapakuwa na adui, mbawa zikafifia. Kisha bahari ikapanda, yapata miaka 136,000 iliyopita, ikakifunika kisiwa kizima, na wasioruka wote wakafa. Maji yaliposhuka wakaja wengine kutoka Bukini, wakaishi, na mbawa zikafifia tena. Watafiti wawili, Julian Hume na David Martill, walilinganisha mifupa ya kabla ya gharika na ya baada yake, wakachapisha mwaka 2019. Ukoo ule ule, kisiwa kile kile, mara mbili. Nilimwomba aniambie tena, nikaandika.

Akaongeza jambo jingine. Hapa Picard penyewe tyomityo waliwahi kuisha, kwa sababu ya paka waliokuja na watu. Hawa tuliowaona wametokana na ndege 18 walioachiwa hapa mwaka 1999.

Na hapo shaka ikanishika. Kama wanaishi kando ya nyumba za watafiti, wanaona watu kila siku. Labda nao wamezoea tu, kama kima wangu. Nilimweleza. Akacheka kwa upole akasema, "Kesho njoo nasi Malabar."

Siku ya 6. Wangwa, kisha Malabar

Wangwa wa Aldabra unapumua. Maji yakijaa yanaingia kupitia milango michache kati ya visiwa, na yakipwa sehemu kubwa ya wangwa inamwagika nje kupitia milango hiyo hiyo. Tuliingia na maji yanayojaa kupitia mlango mkubwa kati ya Picard na Polymnie. Niliinua injini, tukaachia mkondo utubebe. Chini yetu chewa wakubwa walikuwa wamelala dhidi ya mkondo, taa wakipita kama mikeka inayoelea. Hakuna aliyekimbia kivuli cha boti. Mimi ni mtoto wa wavuvi, na sijawahi kuona chewa wa ukubwa ule akiwa hai zaidi ya sekunde tano. Kwetu, chewa akisikia mtumbwi amekwisha ingia pangoni.

Tuliposhuka kwenye maji ya magoti, papa wadogo wenye ncha nyeusi kwenye mapezi walikuja mpaka kwenye mashavu ya miguu yetu. Mgeni mmoja alipiga kelele. Papa wakazunguka, wakarudi tena kutazama.

Miamba humo ndani imeliwa na maji kwa chini, ikabaki vichwa vipana juu ya mashina membamba. Juu ya mikoko walijaa ndege wakubwa weusi wenye mikia kama mkasi, na makinda yao meupe vichwa. Ndilo koloni lao kubwa kuliko yote katika Bahari ya Hindi. Tulipita chini ya tawi moja, kinda likainamisha kichwa kututazama, nasi tukiwa umbali wa kafi moja.

Malabar tulitua kwa idhini, watu wanne tu, dada wa kituo mbele. Hapana njia. Kila hatua ni juu ya mwamba unaolia kama vigae na unaokata. Upande huu watu hufika kwa nadra. Tukakaa kivulini. Akagonga vijiwe.

Kimya. Akagonga tena. Nilianza kufikiri shaka yangu ilikuwa na haki.

Ndipo wakaja watatu, kutoka pande tofauti, mbio zile zile. Mmoja akapita juu ya mguu wangu bila kusimama, akaenda kudonoa kifungo cha begi. Wawili wakaanza kuimba pamoja, mmoja akianza mwingine akipokea, sauti ikipanda mpaka ikawa kama filimbi mbili zinazogombana. Waliimba mdomo wao ukiwa umbali wa mkono kutoka usoni mwangu.

Nimepata jibu la yule mtoto, kwa sehemu.

Katika kisiwa hiki hiki, mwaka 1967, watafiti waligundua ndege mdogo wa vichakani ambaye hakupatikana pengine popote. Alionekana mara ya mwisho mwaka 1983. Miaka kumi na sita tangu tumjue mpaka tumkose. Dada aliyasema hayo akiwa amegeuka, akifunga begi lake.

Siku ya 7. Picard tena

Mvua asubuhi. Mchana jua kali. Kobe wakipigwa na jua la saa saba bila kivuli hufa, mwili unapata joto kupita kiasi ndani ya gamba, kwa hiyo hujisonga chini ya mti mmoja, thelathini, arubaini, wengine wakipanda juu ya wenzao. Wapo takriban 100,000 katika visiwa hivi. Mwaka 1874 Charles Darwin na wanasayansi wenzake waliiandikia serikali ya Morisi barua kuwaombea, kwa hofu kwamba wakata kuni wangewamaliza kama walivyomalizwa wa visiwa vingine. Mabaharia walikuwa wakiwapakia hai kwenye meli, kwa kuwa kobe hukaa miezi bila chakula wala maji. Walichukuliwa kwa urahisi ule ule ulionishangaza mimi siku ya nne: hawaondoki.

Alasiri tuliokota taka ufukweni. Ndala, chupa, kamba za nyavu, maboya. Mwaka 2019 watu wa kujitolea walifanya kazi hapa wiki tano wakaondoa tani 25, na ilikadiriwa kwamba zilikuwepo zaidi ya tani 500, ndala peke yake kama 360,000. Uzito mwingi ni zana za uvuvi. Tyomityo mmoja alikuwa akipita katikati yetu, akigeuza kila kitu tulichokiacha chini. Aligeuza ndala ya mtoto, ya kushoto, akachungulia chini yake kama anavyochungulia chini ya jani. Akapata mdudu, akamla.

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Ndala ile ingeweza kutoka popote. Ingeweza kutoka Forodhani.

Siku ya 8. Kuondoka

Tuliondoka baada ya magharibi. Nahodha aliamuru taa zote za nje zizimwe isipokuwa zile za sheria, na mapazia ya vyumba yafungwe, maana ndege wa bahari hufuata mwanga wakajigonga kwenye nyaya. Tukala chakula cha jioni kwa taa moja ndogo.

Nilikwenda tezini, nyuma ya meli, peke yangu. Kwenye ukingo alikuwa ametua ndege wa bahari mwenye miguu myekundu, kichwa amekigeuza nyuma chini ya bawa, amelala. Nilisimama kando yake, mkono wangu juu ya chuma kile kile, shubiri moja hivi kati yetu. Meli ilikuwa ikitikisika na yeye akiyumba nayo bila kuamka.

Nikamhesabia maili. Kila saa tulikuwa tunamchukua mbali zaidi na kisiwa chake, na nilitaka kumwamsha arudi, lakini kumwamsha ni kumtisha, nami sikutaka kuwa mtu wa kwanza. Nikamwita nahodha. Akamwangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Mwache. Njia anaijua."

Saa sita na robo nilipotoka tena hakuwepo.